Daftari Lililolala Kwangu

TANGAZO RASMI. Wananchi wote wa Eldoret, kuanzia Kapsoya hadi Huruma, pamoja na wakazi wa Elgon View ambao wana magari ya kuwafikisha, wanaarifiwa kwamba Bwana Kimeli, mwandishi mashuhuri, mkosoaji wa maandishi ya wenzake na mlinzi wa lugha ya taifa, atasoma insha yake mpya siku ya Alhamisi saa nane kamili mchana. Wananchi wanaombwa kufika mapema, kuvua kofia na kutokohoa.

Mwandishi mashuhuri alikuwa na umri wa miaka kumi na minane. Alikuwa ametoka kidato cha nne na divisheni ya tatu, na baba yake, mwenye malori, alikuwa amempeleka chuo cha biashara ili, kwa maneno yake, "angalau ajue kuandika barua isiyotuaibisha." Tangazo nililipiga taipu mwenyewe, nikaligonga muhuri mwenyewe, nikalibandika mwenyewe kwenye ubao wa chuo. Lilidumu dakika kumi na moja. Mzee wa usafi alilibandua akapangusia dirisha.

Ninalitaja kwa sababu ya ule muhuri. Miaka minne ya shule ya bweni ilinifundisha ufundi mmoja ambao niliuweza kikamilifu, nao ni kuchonga mihuri kwenye kisigino cha slipa. Unahitaji wembe, slipa nzee ya bluu na subira, maana maneno huchongwa kinyumenyume. Kwa muhuri wa mwalimu wa zamu niliwatoa wenzangu nje ya lango Jumamosi nyingi zisizohesabika. Mpishi wetu aliwahi kupokea barua rasmi ya pongezi kwa ajili ya maharagwe yake. Aliitundika jikoni, na huenda bado iko pale. Hakuna aliyeumia. Nilikuwa naamini kwamba karatasi haiwezi kumuumiza mtu.

Chuo chetu kilikuwa ghorofa ya juu, juu ya duka la misumari na mabati. Kulikuwa na chumba cha taipureta kumi na mbili, tisa zikiwa na afya njema, na chumba cha masomo chenye picha ya Rais juu ya ubao. Kila Jumanne na Alhamisi mchana tulifundishwa uandishi na Madam Kageha. Alikuwa mwanamke mfupi aliyevaa koti moja la kijivu mwaka mzima, na mifuko ya koti hilo ilijaa penseli.

Madam Kageha hakutumia wino mwekundu. Hakutoa alama hata moja hadi insha iandikwe mara tatu. Na alipiga marufuku raba za kufutia. Siku ya kwanza alizikusanya zote akazitia kwenye kopo la maziwa ya unga.

"Ukikosea, kata kwa mstari mmoja," alisema. "Mmoja tu. Nataka nione ulichoandika kwanza."

"Kwa nini, Madam, kama kimeharibika?" niliuliza.

"Kwa sababu hapo ndipo ulipokuwa unadanganya, Bwana Kimeli. Ukifuta, kesho utajuaje ulidanganya wapi?"

Sheria yake ya pili ilikuwa kwamba kila mmoja awe na mwenzake. Ukimaliza andiko la kwanza, daftari lako huenda kulala kwa mwenzako kuanzia Jumanne hadi Alhamisi. Mwenzako haruhusiwi kusahihisha neno lolote. Anaruhusiwa kuuliza tu, kwa penseli, pambizoni, maswali yasiyopungua matatu. Alhamisi unarudishiwa daftari, unaanza andiko la pili.

Mimi nilipewa Nicanor Wamalwa.

Nicanor alikuwa na miaka ishirini na mitano. Asubuhi alipakia mbao kwenye kiwanda kidogo cha kupasua magogo, na mchana alikuja darasani na unga wa mbao kwenye nyusi, kama mtu aliyezeeka njiani. Aliishi Huruma na baba yake, fundi wa baiskeli, mjane.

"Wewe Kimeli unaandika kama mtu anayekimbizwa," Madam alituambia. "Nicanor, wewe unaandika kama mtu aliyevaa tai ya mwingine. Mtafaana."

Insha ya muhula ilikuwa "Mtu Ninayemheshimu." Mimi niliandika juu ya mpishi wa shule na maharagwe. Nicanor aliandika juu ya baba yake, na andiko lake la kwanza lilianza hivi: "Baba yangu ni nguzo ya taifa na taa ya jamii yote."

Nilichukua penseli kwa furaha kubwa. Pambizoni niliuliza, "Nguzo ya mti gani?" Chini yake, "Taa ya mafuta au ya stima?" Nikawa nimebakiza swali moja na sina mzaha mwingine, basi nikaandika lolote lililonijia: "Mikono yake ikoje?"

Nicanor aliposoma maswali mawili ya kwanza alinitazama vibaya. "We kijana wa Elgon View, unanichezea?"

"Ni kazi rasmi," nilisema. "Nimeteuliwa."

Akasoma la tatu. Alikaa na kile kiswali changu cha kujazia idadi mpaka kengele ikalia.

Andiko lake la pili halikuwa na nguzo wala taa. Lilianza na mkono wa kushoto wa Mzee Wamalwa, ambao ulikosa vidole viwili tangu siku za kiwanda cha mbao, na jinsi alivyoshikilia spoku za baiskeli kwa vidole vilivyobaki, akizikaza moja moja huku ameinamisha sikio kama anayesikiliza siri. Kisha, katika fungu la tatu, ilikuja siku ya mkate.

Nicanor alikuwa kidato cha pili. Siku ya wazazi, wenzake walipokuwa wanashuka kwenye magari ya baba zao, Mzee Wamalwa aliingia langoni kwa baiskeli, suruali imefungwa kamba miguuni, mkate mmoja umefungwa nyuma. Wavulana wakamuuliza Nicanor, "Huyo ni nani wako?" Nicanor akajibu, "Ni mtu wa mkono, kibarua tu. Ametumwa na baba." Mzee alikuwa hatua tatu tu kutoka hapo. Alifungua kamba, akampa mkate kwa mikono miwili, akasema mbele ya wote, "Baba yako anakusalimia." Akapanda baiskeli akarudi.

Hawakulitaja jambo hilo tena. Miaka kumi na moja.

Fungu la nne lilikuwa fupi. Lilisema kwamba mwaka huu, siku ya kupiga kura kwa kupanga foleni, Mzee alisimama kwenye foleni fupi, ya mgombea asiyetakiwa na wakubwa, akahesabiwa na kuchekwa, na wiki iliyofuata kibanda chake cha baiskeli kikabomolewa. Tangu hapo alifanya kazi nje kwenye ukungu wa asubuhi, na kifua kikaanza.

Madam Kageha alisoma mafungu matatu ya kwanza kwa sauti darasani. La nne alilisoma kimya, akatazama mlango, akafunga daftari. "Hii sasa inaanza kuwa insha," alisema. Hakuna aliyecheka, hata mimi. Halafu akasoma yangu ya maharagwe. Walicheka kidogo, kwa adabu, na nikagundua kwamba sikupenda kuchekewa kwa adabu.

Jumanne hiyo Nicanor alinikabidhi daftari ngazini.

"Kimeli, safari hii uliza haraka," alisema. "Nalitaka Alhamisi bila kukosa. Ijumaa nitaandika ile safi. Jumapili nampelekea mzee."

"Unampelekea wapi?"

"Hospitali. Wamemlaza tangu juzi. Kifua." Akapangusa nyusi zake. "Nimeshamwambia kuna kitu nimeandika juu yake. Hajui kusoma, lakini nitamsomea. Unajua, sijawahi kumwambia pole kwa ile siku. Kwa mdomo siwezi. Nikiwa na karatasi mkononi nitaweza."

"Sawa, Mheshimiwa," nilisema.

"Si mambo ya mheshimiwa, bwana. Alhamisi."

Kwa hiyo nilijua. Nataka iandikwe hapa kwamba nilijua.

Jumatano nilikuwa na saa nzima ya mazoezi ya taipu na sina la kufanya. Shuleni tulikuwa na desturi ya kuteka vitu. Unateka kiatu kimoja cha mwenzako, unamwandikia barua ya kudai fidia, yeye analeta kikombe cha uji, anarudishiwa kiatu, mnacheka. Nikaona daftari la Nicanor linafaa kutekwa kwa saa moja tu. Nikaketi kwenye taipureta namba nne nikaandika:

"SIRI. Daftari lako limezuiliwa na ofisi hii kwa uchunguzi zaidi, hasa fungu la nne. Usimweleze mtu yeyote. Utaitwa. Kwa niaba ya Afisa Mkuu." Nikapiga muhuri wa slipa, wa duara, wenye ngao katikati. Ulitoka vizuri kuliko mihuri yote niliyowahi kuchonga. Kisha nikageuza karatasi, na upande wa pili nikapiga taipu: "Fidia ya kulikomboa daftari: chai ya maziwa na mandazi mawili kwa Bwana Kimeli, hotelini kwa Mama Esther, leo saa tisa. Usipoleta, mkosaji atalazimishwa kusoma insha ya maharagwe mara saba."

Nilicheka peke yangu hadi mwalimu wa taipu akagonga meza.

Alhamisi niliweka bahasha ya kaki juu ya dawati la Nicanor, nikajificha chumba cha taipureta, nikachungulia kwenye kioo. Aliingia. Akafungua. Akasoma. Nikangoja ageuze.

Hakugeuza. Aliikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akachukua koti lake, akashuka ngazi kabla Madam hajaingia. Hakukimbia. Alitembea kama mtu anayebeba ndoo iliyojaa.

Nikajiambia ameenda kunitafutia mandazi. Baada ya somo nilikaa kwa Mama Esther, daftari likiwa ndani ya begi, nikiwa nimeandaa hotuba ya kulikabidhi. Chai ilishika ngozi juu. Mama Esther aliuliza, "Unangoja msichana?" Nikasema nangoja mfungwa. Hadi saa kumi na moja hakuna aliyekuja.

Ijumaa hakuonekana kiwandani wala chuoni. Jumamosi nilishuka Huruma. Nilikuwa sijawahi kufika kwao, nikauliza fundi wa baiskeli mwenye vidole vitatu mkono wa kushoto, na kila mtu akanionyesha kwa kidevu. Mlangoni kwa jirani kulikuwa na mama anaosha sufuria. Jina lake Nangila, nililijua baadaye.

"Habari yako, Mama. Namtafuta Nicanor."

Alitazama viatu vyangu kabla ya kunitazama uso. "Nicanor gani?"

"Wa Mzee Wamalwa. Tunasoma pamoja."

"Mimi simjui."

"Mama, si anakaa hapa mlango wa pili?"

"Ameniambia akiulizwa na mtu yeyote, niseme simjui. Wewe si mtu yeyote? Na hivyo viatu ni vya ofisi."

"Ni vya baba yangu," nilisema. Ilikuwa kweli.

Nadhani uso wangu ulimtia huruma, kwa sababu alipunguza sauti. "Ameenda. Amepanda lori ya mahindi. Huko alienda hata mimi sijaambiwa. Alikuja hapa mbio na karatasi iko na mhuri ya serikali, akaichoma kwa jiko yangu. Hakutaka hata nishike. Akasema, Mama, wakija kunichukua nikiwa kwa kitanda ya mzee, mzee atakufa na hiyo uoga. Afadhali nisionekane." Akasugua sufuria. "Hospitali nitaenda mimi kumpelekea uji. Lakini huyo mzee hatafuti uji. Anatafuta kijana yake."

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na sentensi tayari: Mama, ile barua ilikuwa mchezo. Ni maneno machache sana.

"Wale wamemwandikia hiyo karatasi," Nangila alisema, akiinua sufuria kama anayepima uzito wake, "Mungu anawaona."

Nikafunga mdomo. Nikamwambia kwaheri.

Jumapili nilienda hospitali wakati wa kuwaona wagonjwa. Nilijipa matumaini kwamba Nicanor atakuwa ameshindwa kujizuia, nitamkuta pale, nitamvuta kando ya dirisha na mambo yataisha kwa kelele kidogo. Hakuwepo. Mzee Wamalwa alikuwa kitanda cha mwisho, ameegemezwa mito miwili, mkono wenye vidole vitatu juu ya blanketi. Niliutambua mkono kabla ya uso, kwa sababu nilikuwa nimeusoma.

Nilimsalimia. Nikakaa kwenye stuli, begi langu juu ya magoti, nikilikumbatia kwa mikono miwili. Aliniuliza kama mimi ni rafiki wa Nico. Nikasema ndiyo. Tuliongea machache, akachoka, nikaondoka.

Alifariki Jumatatu asubuhi, kabla chai haijapitishwa wodini.

Habari ilimfikia Nicanor Jumanne, kwa mjomba wake upande wa Turbo, na akarudi moja kwa moja chumba cha maiti. Mazishi yalifanyika kwao, ng'ambo ya Kimilili. Chuo kilimtuma Madam Kageha na wanafunzi wanne. Mimi niliugua ghafla ugonjwa ninaoujua tangu bweni, ule unaopona basi likishaondoka. Hellen, msichana wa dawati la mbele, ndiye aliyenisimulia. Alisema Nicanor aliitwa kusoma historia ya marehemu, kama mtoto wa kwanza. Akasimama kando ya jeneza mikono mitupu. Akasema, "Baba yangu." Watu wakangoja. Akasema tena, "Baba yangu." Kisha mjomba akamshika bega akamketisha, na kwaya ikaimba kabla ya wakati wake.

"Alikuwa ameandika kitu kizuri sana, unakumbuka?" Hellen aliniuliza. "Siku ya mkate. Sijui kwa nini hakukisoma."

Nilisema sijui pia.

Wiki iliyofuata niliamka mapema, nikafika chuoni kabla ya wote, nikaweka daftari la Nicanor juu ya dawati lake. Alipolikuta hakulishika mara moja. Alilifungua kwa ncha ya kidole kwenye fungu la nne, akatazama kama kuna alama yoyote, kisha akatazama dirishani, chini barabarani, kwa muda mrefu. Tangu siku hiyo aliandika barua za biashara tu. "Kuhusu bei ya mbao." "Kuhusu kuchelewa kwa mzigo." Zilikuwa barua safi, hazikukatwa hata neno moja.

Madam alitupa insha mpya: "Jambo Nililoliona Mwenyewe." Na hapa, wananchi, tunafikia ushujaa wa Bwana Kimeli. Niliandika juu ya rafiki yangu Nicanor. Niliandika kwa majonzi makubwa jinsi watu wasiojulikana walivyomwandikia barua ya vitisho, jinsi nilivyomtafuta Huruma, jinsi nilivyomtembelea baba yake akiwa mahututi. Nilijiandika vizuri. Na ili kuonyesha ukatili wa hao watu wasiojulikana, nilitia jambo dogo la kuwafanya wasomaji wachukie zaidi: kwamba upande wa pili wa barua waliandika mzaha juu ya chai na mandazi.

Daftari lilirudi na swali moja la penseli, mwandiko wa Madam Kageha. Safari hii alikuwa amelichukua yeye mwenyewe.

"Nicanor ameniambia hakugeuza barua. Aliichoma. Wewe uliujuaje upande wa pili?"

Nililisoma nikiwa nimesimama, na nakumbuka nilitafuta raba mfukoni.

Aliniita chumba cha taipureta wenzetu walipokwenda kunywa chai. Alikuwa ameketi mbele ya ile namba nne. Nilitoa muhuri wa slipa kwenye soksi, nilikokuwa nauficha siku zote, nikauweka juu ya meza. Aliugeuza, akausoma kinyumenyume, akausukuma kwangu.

"Ilikuwa mchezo, Madam," nilisema. "Angegeuza tu angeona. Angegeuza tu."

"Nani katika mji huu, mwaka huu, akipata karatasi yenye muhuri, huigeuza kutafuta utani?"

Nilitazama muhuri.

"Mimi mwenyewe," alisema, "niliposoma lile fungu la nne, nilitazama mlango. Wewe ulinitazama nikitazama mlango. Nilikuona."

"Ndiyo, Madam."

"Basi ulijua barua yako itaingia wapi."

Nilingoja anifukuze. Nilingoja aseme ataniitia baba. Nadhani ningependa aseme hivyo. Alichukua penseli kwenye koti, akanipa.

"Kata kwa mstari mmoja. Andika tena."

"Na likiisha, Madam, daftari litalala kwa nani?"

"Si una mwenzako?"

Niliandika andiko la pili kwa siku tano. Nilikata "watu wasiojulikana" mara kumi na nne, na juu ya kila mstari nikaandika "mimi." Niliandika juu ya taipureta, muhuri, bahasha ya kaki, Mama Esther, Nangila na sufuria yake. Nilipomaliza nilijisikia mwepesi, nikajiona mtu mkweli kabisa, karibu niandike tangazo.

Jumanne nilimpa Nicanor daftari ngazini, palepale aliponipa lake. Alisoma kichwa cha insha, akanitazama, akalitia ndani ya koti. Nilingoja ngumi kuanzia Jumanne hadi Alhamisi. Nilikuwa tayari kwa ngumi. Ngumi ingekuwa mwisho mzuri.

Alhamisi alilirudisha juu ya dawati langu, akaenda kukaa mahali pake. Nilifungua. Kurasa za barua hakuziandika kitu. Kurasa za Huruma hakuziandika kitu. Nilidhani amekataa hata kuniuliza. Kisha nikafika hospitali, pale pasemapo nilikaa kwenye stuli, begi langu juu ya magoti, nikilikumbatia kwa mikono miwili. Pambizoni, kwa mwandiko mdogo ulionyooka kama wa barua za mbao, kulikuwa na swali moja. Sheria ya Madam ni matatu. Yeye aliuliza moja.

"Begi lilikuwa na nini?"

Hili ni andiko la tatu, Nicanor. Madam atalisoma baada yako. Nimekata maneno "tuliongea machache" kwa mstari mmoja, unaweza kuyaona hapo juu, na ninaandika yaliyokuwa chini yake.

Begi lilikuwa na daftari lako.

Nilikuwa nimelibeba ili nikupe. Baba yako alilitazama begi kabla ya kunitazama mimi. Alisema, "Kijana, Nico alisema ataniletea hiyo kitu ameandika juu yangu. Amekutuma nayo?" Ningeweza kulitoa. Ilikuwa mkanda mmoja tu wa kufungua. Ningemsomea mwenyewe, mafungu manne, dakika kumi, na najua yote kwa moyo, hata pale ulipokata. Lakini ningelitoa, angekuambia, na wewe ungejua lilikuwa kwangu siku zote. Kwa hiyo nikasema, "Hapana, Mzee. Mimi sina."

Akauchezesha ule mkono juu ya blanketi kama anayekaza spoku. Kisha akasema, "Nafikiri najua ni nini ameandika. Ni ile siku ya mkate." Nikasema sijui, Mzee. Akasema, "Ni hiyo. Huyo kijana hajawahi kula mkate mbele yangu tena." Alikohoa sana, nesi akaja, akaenda. Akanishika mkono wa shati.

"Ukimwona kabla yangu," alisema, "mwambie baba yake anamsalimia."

Alicheka kidogo alipolisema, Nicanor. Sijui kama hilo litakusaidia, lakini nililiona mwenyewe.

Nilipaswa kukupa salamu hizo mlangoni mwa chumba cha maiti. Nilipaswa kuwa kwenye mazishi nikunong'oneze kabla hujasimama mikono mitupu. Sikuweza kuzitoa bila kutoa na begi, kwa hiyo nimekaa nazo majuma saba, salamu za mtu mwingine, zilizotumwa kwako.

Barua niliipiga taipu mimi. Muhuri nilichonga mimi. Daftari lilikuwa magotini mwangu, naye aliliomba, na nilisema sina.